Mwenye Samaki wa Kukunja

Msemaji alikuwa kijana wa suti ya kuazima, na alisoma wasifu wa marehemu kama mtu anayesoma bei za mbolea. Alisema Nekesa alizaliwa Mabanga, akasoma Mabanga, akaolewa, akajaliwa watoto, akampenda Mungu. Halafu akafika mahali nilipokuwa nimemngojea tangu asubuhi, nimekalia kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliopinda. "Marehemu alikuwa nguzo ya mume wake, Mzee Simiyu, ambaye kwa ubunifu wake alituletea samaki wa kukunja tunaowajua sote. Marehemu alimsaidia sana kwa kusimamia usafi." Usafi. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mtu mwingine aliyesikia nilichosikia. Watu walikuwa wanajipepea na kile kijitabu cha mazishi. Nilifungua changu, nikautafuta ule mstari, nikausoma, nikausoma tena kwa sababu mimi kila kitu hukihesabu mara mbili, na haukuwa umebadilika. Mwanamke aliamka kabla ya jogoo karibu maisha yake yote ya ndoa, akakanda, akachoma, akatoa miiba kwa vidole hadi vidole vikaota sugu, na siku ya kumzika wamemfungia yote hayo katika neno moja la ufagio.

Mimi si mtu wa kulia matangani. Biashara ya mitumba ilinikausha machozi mapema. Ukilia mbele ya mteja anakupunguzia bei. Lakini siku ile hasira ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege, na unajua mwiba hautoki kwa kukohoa, unashuka kwa kumezewa tonge kubwa la ugali. Tonge la kumezea sikulipata. Kwa hivyo nitaandika.

Kwa asiyewahi kupita Bungoma: samaki wa kukunja ni chapati nyororo, ya rangi ya manjano kidogo, iliyokunjwa juu ya samaki aliyetolewa miiba yote, kachumbari juu, ndimu juu ya kachumbari. Unaishika kwa mkono mmoja na haivunjiki. Mchuzi hauvuji hadi kwenye kiwiko. Madereva wa malori huegesha kwa ajili yake. Mkahawa uko Bungoma karibu na steji, mwingine uko Kitale, na katika yote miwili kuna picha kubwa ukutani ya Simiyu ameshika mwiko. Ameushika kama mtu anayeshika fimbo ya mwenzake. Tangu nimjue, hiyo picha ndiyo mara ya pekee nimemwona na mwiko.

Mwaka ninaotaka kuusema, Nekesa na mimi tulikuwa tunaishi Kitale, chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga posho. Mashine ikianza asubuhi, ukuta ulitetemeka na unga mwembamba ulitua juu ya kila kitu, kitanda, vikombe, nywele. Tulikula unga tukiwa usingizini. Mimi niliuza sweta kuukuu sokoni, na Kitale, kwa baridi ile inayoshuka kutoka Elgon, hakuna anayebishana sana kuhusu sweta. Anabishana kuhusu vifungo. Nekesa aliosha sahani katika hoteli moja ya samaki. Watu husema Kitale ni mahindi na maziwa, ni kweli, lakini Kitale inakula samaki wa maziwa mawili. Wale wa ziwa la kaskazini walikuja wakavu, wamechumviwa, ndani ya magunia, wagumu kama soli. Wale wa Viktoria walipitia Busia, wamefunikwa barafu na majani. Jioni Nekesa alileta vichwa vilivyobaki, vimefungwa gazetini, tukavichemsha kwa jiko la makaa na kuvila na ugali huku tunasoma habari za zamani zilizokuwa zimejibandika kwenye mashavu ya samaki.

Simiyu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mahindi, mwenye masharubu mapya na viatu vilivyopakwa rangi. Alikuwa anamtaka Nekesa, na kwa sababu ya hilo alikuja kutuongelesha mlangoni kila Jumamosi. Alikuwa amewahi kufika Mombasa mara moja, akifuata lori la baba yake, na ndugu fulani akampeleka hoteli ya watalii. Safari ile moja aliiuza kwetu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuuza sweta.

"Nilikula kamba," alisema.

"Kamba?" Nekesa akauliza. "Ile ya kufunga ng'ombe?"

"Kamba ya bahari, wewe. Mdudu kubwa hivi, ina ndevu. Nyama nyeupe. Wanaiweka ndani ya mkate laini, siagi inatiririka. Wazungu wamepanga laini, bana."

"Na wewe ulipanga laini?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa mgeni."

"Basi ulikula makombo, ya waosha sahani."

Nekesa alicheka. Alicheka huku amemwangalia yeye. Mambo mengi ningeyajua mapema kama ningetazama macho ya rafiki yangu kwa umakini ule niliotazamia vifungo vya watu.

Baba yake Simiyu alikuwa amempa chumba Bungoma, mahali pazuri, karibu na steji, na hakujua akifanyie nini. Ndipo siku hiyo akasema maneno ambayo ninayakumbuka jinsi mtu anavyokumbuka namba ya gari lililomgonga. "Tutafute ile ya huku kwetu. Samaki ndani ya kitu, ya kushika kwa mkono. Lazima iko mahali, mtu fulani anaipika. Tukiipata tunaijua, tunafungua. Chumba ni yetu sisi watatu." Nikamwambia arudie. Akarudia. "Sisi watatu." Nekesa alikuwa shahidi, na kinu kilikuwa kimezimwa, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema hakusikika.

Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda, tukitafuta samaki. Tulianza na hoteli ya Mama Atieno hapo hapo Kitale, chumba chenye meza ndefu moja na mafuta ukutani ya miaka mingi, ambako wakulima walikula wakilalamika kuhusu mahindi yaliyolala ghalani. "Ati wanasema unyevu," mzee mmoja alikuwa akisema, mfupa wa samaki ukimtoka pembeni mwa mdomo kama sigara. "Mahindi yangu ina unyevu. Na yao ile imetoka ng'ambo imepita baharini, hiyo si ndiyo iko na maji?" Mama Atieno aliweka samaki mkavu wa kaskazini kwenye nyanya, akamtia katikati ya mkate wa duka. Nilimwangalia samaki usoni kabla sijakubali bei.

"Mama, huyu alikufa kabla sijazaliwa."

"Basi mheshimu," akasema. "Mkubwa wako huyo."

Nilimlipa bila kuteta zaidi. Mtu akikushinda kwa mdomo, mlipe. Lakini mkate ulikuwa umeshalowa na kuachana kabla haujafika kinywani. Tulikwenda Endebess siku ya soko, tukapata samaki waliokaangwa kwenye mafuta ya mandazi; walikuwa watamu kama sherehe ya ubatizo. Tulikwenda Kibabii, ambako siku hizi kuna chuo kikuu na vijana wenye simu kubwa, lakini wakati ule palikuwa na kibanda cha mwanamume mmoja aliyekunja omena, dagaa wa ziwani, kwenye chapati. Chapati yake ilipasuka kwenye mkunjo kila mara, omena zikamwagika kifuani mwa mteja, na yeye akazichukua kifuani pa mteja na kuzirudisha. "Nakusaidia, madam," aliniambia. Bungoma mjini tulikula karibu kila mahali palipokuwa na samaki kwenye ubao wa nje. Mahali pamoja mwalimu mzima wa shule, mtu wa tai, alikabwa na mwiba mbele yetu hadi wenzake wakampiga mgongoni, na aliponusurika akauliza kama atalipa samaki mzima au nusu.

Nieleze jinsi tulivyokula, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo. Mimi nilizungumza bei. Simiyu alikula. Alikula yake yote, akafumba macho, akajifuta masharubu, na kila mahali, Kitale au Bungoma, alitoa hukumu ile ile: "Inakaribia." Nekesa hakula, alifungua. Aliifungua chapati kama mtu anayefungua barua ya mtu mwingine, akanusa ndani, akavuta ukingo polepole hadi ukakatika, akatazama ulipokatikia. Aliuliza wapishi maswali mafupi jikoni wakati Simiyu alikuwa anafumba macho. Siku moja, tukirudi kutoka Kibabii kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, aliniambia, "Nafula, hawa wote wanatafuta kwa samaki. Samaki hana shida. Samaki yoyote ni nzuri kama haijaoza. Shida ni nguo yake." Simiyu alikuwa ametutangulia kwa hatua kadhaa, anapiga mluzi. Hakusikia. Hakuna siku aliyosikia.

Mwisho wa mwaka Nekesa aliamua tupike wenyewe, kwao Mabanga. Mama yake alikuwa kanisani. Jikoni lilikuwa lile la zamani, la duara, mafiga matatu, moshi umepaka dari weusi unaong'aa. Simiyu aliwekewa kiti uani, mgongo umeelekea jikoni, kama heshima inavyotaka. Kwetu mwanamume aliyepita kwenye kisu cha jandoni hakai kwenye mafiga. Hachungulii sufuria ya mama mkwe mtarajiwa. Sitamlaumu kwa hilo. Hakuna mwanamume wa wakati ule angekaa kwingine. Ninamlaumu kwa yaliyofuata, na hayo yananitosha.

Kila nyumba ya Kibukusu ina musherekha. Unachoma maganda ya maharagwe hadi yawe majivu meupe, unatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unamimina maji juu, na yanadondoka taratibu upande wa pili yakiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hiyo ndiyo chumvi ya mrenda na kunde, inalainisha mboga ngumu, bibi zetu waliijua kabla ya duka. Siku ile mama yake Nekesa alikuwa ameacha chungu cha musherekha karibu na chungu cha maji, na ndani ya jikoni lile mchana ulikuwa sawa na magharibi. Nekesa akachota, akamimina kwenye unga wa ngano, akakanda. Nilikuwa natoa miiba. Nilipoinua macho niliona unga umegeuka rangi.

"Nekesa. Unga imekuwa manjano."

Akanusa mkono wake. Akafumba macho. "Nimetia musherekha."

"Mwaga."

"Nimwage unga ya ngano? Wewe unajua bei yake?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimeununua, kwa hivyo nilijua. Tukaongeza maji kidogo ili kupunguza makali, tukauacha unga upumzike huku tukilaumiana kwa kunong'ona, tukachoma. Chapati ya kwanza ilivimba, ikatulia. Nekesa aliinyanyua kwa ncha mbili, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Haikupasuka. Ilikunjika kama leso. Tuliweka samaki, kachumbari, ndimu, tukala moja tukiwa tumesimama karibu na mafiga, macho yakitutoka machozi ya moshi. Kulikuwa na kitu mle ndani, uchungu mdogo sana nyuma ya utamu wa ngano, ambao ulimfanya samaki aonekane ametoka majini asubuhi hiyo. Nekesa alinishika kifundo cha mkono. "Hii tunakaa nayo mimi na wewe," akasema. "Mwanamume akijua kila kitu yako, anaanza kukuona kama jirani." Nikamwapia.

Tukampelekea Simiyu ya pili uani. Aliuma, akatafuna, akafumba macho kama kawaida. Nilingoja "Inakaribia" yake. Hakuisema. Alimaliza yote, akasimama, na mama yake Nekesa alipoingia uani na Biblia kwapani, Simiyu alimwendea na mikono miwili. "Mama," akasema, "nimeipata." Mtu ambaye hakuwa amenyanyuka kitini tangu chai ya saa nne.

Tulifungua chumba cha Bungoma baada ya mavuno. Kikaango kikubwa nilikinunua mimi Kitale, kwenye duka la vyuma la mzee mmoja Kalasinga ambaye nilibishana naye kwa Kiswahili na akanijibu kwa Kibukusu kizuri kuliko changu, na mwishowe tukaachana kila mmoja akidhani amempiga mwenzake. Nilifika nacho Bungoma nimekibeba kichwani. Fundi alikuwa juu ya ngazi anamalizia ubao. Uliandikwa KWA SIMIYU, na chini yake, kwa herufi ndogo, Samaki wa Kukunja.

"Na sisi watatu wako wapi?" nikamuuliza.

"Shemeji," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, ndivyo nilivyojua ameshapeleka wazee wa posa kwao Nekesa, "ubao ni ndogo."

Nilimfuata Nekesa jikoni. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na tayari alikuwa ameficha kopo lake la matundu nyuma ya magunia ya makaa. Nilimwambia nilichoona. Alinisikiliza huku anapanga vitunguu. "Wacha tu, Nafula. Jina ni rangi. Mvua inaitoa. Si mimi ndiye niko jikoni?" Nikamwambia mvua imeanza kunyesha kabla rangi haijakauka na bado sioni ikitoka. Akacheka kile kicheko cha kumwangalia mtu ambaye hayupo chumbani. Simiyu alinipa kazi ya kupokea sahani. Niliifanya hadi mwisho wa juma, nikimsikia mbele kule akiwaambia wateja wa kwanza jinsi alivyofika Mombasa, jinsi alivyokula kamba, jinsi wazo lilivyomjia usiku amelala. Mteja mmoja aliuliza, "Na chapati unafanyaje haivunjiki?" Simiyu akajibu, "Hiyo ni siri ya mkono." Aliinua mkono wake, mkono ule wenye saa, na mteja akautazama kwa heshima. Nilivua leso, nikarudi Kitale kwenye sweta zangu. Kikaango nilikiacha, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukiacha bila kukipatia bei.

Hatukugombana, Nekesa na mimi. Alikuja Kitale kununua sweta za watoto na nilimlangua kama mteja yeyote, na alifurahi. Wakati mwingine nilimuuliza, "Umemwambia?" Akasema, "Hajauliza." Miaka yote ile mume wake alikula chapati zile, akazipiga picha, akaziweka kwenye redio ya mtaa, na hajauliza. Ninajua watu wa siku hizi watasema ni yeye aliyenyamaza. Ni kweli alinyamaza. Lakini kuna kunyamaza kwa mtu aliyefungwa mdomo na kuna kunyamaza kwa mtu anayengoja aulizwe na mtu mmoja tu, na huyo mtu analala kitanda kimoja naye. Hasira yangu haijui iende kwa nani kati yao, kwa hivyo huwa inaanza kwa Simiyu, maana yuko karibu na ni mnene.

Jioni baada ya mazishi, jua bado liko juu ya migomba, msichana alikuja kuniambia mzee ananiita sebuleni. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, chai ilikuwa tayari. Kikaango changu kilikuwa ukutani, kimesuguliwa, kimetundikwa chini ya picha yake. Simiyu alikuwa amechoka, nitakubali. Macho yalikuwa mekundu. Alizunguka mbali, kuhusu mvua, kuhusu watu waliohudhuria, kuhusu kwaya, na mimi nilimwacha azunguke kwa sababu mnunuzi anayezunguka ni mnunuzi mwenye shida.

"Shemeji," akasema mwishowe. "Tangu alazwe, chapati inavunjika."

"Pole."

"Wapishi wanasema alikuwa anakuja asubuhi na dumu yake. Wanaita maji ya mama. Anakanda nayo, anarudi nayo. Tumejaribu maziwa. Tumejaribu mayai, hamira, maziwa lala. Wateja wanaongea. Na mwezi ujao nafungua Eldoret, nimeshalipia nyumba." Akaweka kikombe chini. "Wewe unajua. Najua unajua. Taja bei yako."

Nimengoja maneno hayo kutoka kwa watu wengi, lakini si yeye. Nilikunywa chai yangu taratibu. Nikafikiria nyumba yangu inayovuja. Nikaihesabu, nikaihesabu tena.

"Keshokutwa ni siku ya wafiwa kunyolewa," nikamwambia. "Watu wote wa ukoo wako hapa. Simama mbele yao useme: samaki wa kukunja ni wa Nekesa, yeye ndiye aliyemtengeneza. Hayo tu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Sipunguzi."

"Na pesa?"

"Sijataja pesa."

Alinitazama kama mtu anayetafuta shimo kwenye sweta. Akataja kiasi. Akakiongeza bila mimi kufungua mdomo, na nakiri mkono wangu ulisisimka, maana mkono una tabia zake. "Simiyu," nikasema, "nimekupa bei." Akanipa mkono. Tulishikana kwa nguvu, kama watu wa mnada.

Siku ya tatu tulikaa chini ya hema. Wafiwa walikuwa wameshanyolewa, na kichwa cha Simiyu kiling'aa kama sahani ya shughuli. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapika chakula cha kuachana. Simiyu alisimama, akashika maikrofoni, akanitafuta kwa macho, akanipata. Nikakaa sawa.

"Watu wanasema mengi," akaanza. "Leo nataka kusema ukweli mbele yenu. Hii kazi hatukuifanya mtu mmoja. Mimi nilikuwa na wazo. Marehemu alikuwa na mikono. Wazo bila mikono ni bure. Kwa hivyo nampatia heshima yake." Watu wakapiga makofi. Shangazi mmoja alifuta machozi. Na Simiyu akakaa, akanikonyeza kidogo, kukonyeza kwa mtu aliyeshalipa na anangoja mzigo wake upakiwe.

Kisha mzee wa ukoo akasema maneno ya desturi ya siku hiyo: mwenye neno lolote na marehemu, iwe alimkosea, iwe alimwachia kitu, iwe kuna jambo kati yao, alitoe leo, kwa sababu baada ya leo mlango umefungwa na atakayelifufua atakuwa anafukua kaburi. Mwanamke mmoja akasimama akasema yuko na mtungi wa marehemu, ataurudisha. Jirani akasema walikosana kwa sababu ya mbuzi, amesamehe. Mzee akauliza tena. Nikasimama. Magoti yangu si ya zamani, kwa hivyo kila mtu alipata muda wa kugeuka.

"Mimi ni Nafula wa Kitale. Niko na neno la marehemu. Alinipa nimshikie, na leo nalirudisha kwa wenyewe."

"Shemeji," Simiyu akasema, bila maikrofoni.

"Mnapenda chapati ya samaki wa kukunja. Mnauliza kwa nini haivunjiki. Mzee Simiyu ameniuliza pia, juzi, kule sebuleni, na kama mwenye wazo anauliza, mjue wazo lilikuwa la nani. Nekesa aliikanda kwa musherekha. Kule Mabanga, kwenye jikoni la mama yake, nilikuwapo natoa miiba."

Halafu kutoka upande wa wanawake mtu akasema, "Musherekha? Musherekha hii hii yetu?" na mwingine akasema, "Ya mrenda?" na kicheko kikaanza, kikapita safu moja hadi nyingine. Walicheka kama unavyocheka ukitafuta miwani nyumba nzima na iko usoni. Bibi mmoja asiye na meno alimwelekezea Simiyu kidole. "Na wewe ulikuwa unakula kila siku? Mdomo yako ilikuwa imesafiri?"

Simiyu alisimama. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa bado anahesabu. "Tulikubaliana, Nafula. Ulinipa mkono."

"Tulikubaliana bei. Ukaleta nusu."

"Nimesema mikono ni yake."

"Nilisikia. Nilisikia na lile wazo pia."

"Ungeuza," akasema, na sauti ikamkatika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote. "Ungeniuzia mimi. Kuliko kutupa."

"Kwako ilikuwa na bei," nikasema. "Kwa hawa ni bure."

Nilikaa. Mtu angetarajia niseme kifua kilipungua uzito. Hakikupungua. Rafiki yangu alikuwa bado chini ya udongo mbichi, kijitabu bado kilisema usafi, na hakuna kicheko cha wanawake kitakachofuta wino huo. Hasira yangu bado ninayo, nzima, sijampunguzia Simiyu hata shilingi. Binti mkubwa wa Nekesa, ambaye anafanana naye puani, alipita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia sebuleni, akatoka na kile kikaango mikononi, msumari bado umening'inia kwenye mpini, akakipeleka nyuma jikoni.

Nilizunguka nyuma jioni kutafuta kiatu changu. Wanawake walikuwa wamekiuka mpango wa wali na walikuwa wanakanda ngano. Mmoja aliniuliza kipimo. Nikamwambia aonje musherekha kwa ncha ya ulimi, ikiuma imezidi. Kando ya ukuta, juu ya mawe, walikuwa wamepanga makopo ya rangi, ya mafuta, ya maziwa ya unga, kila moja limetobolewa kwa msumari na kujazwa majivu, yanadondosha taratibu kwenye bakuli. Niliyahesabu. Kisha, kwa tabia, nikayahesabu tena, na yalikuwa yameongezeka.